Nilivyochambua Faili za Kompyuta Kama Majani Chai

Leo nimepatikana. Naandika haya nikiwa nimejibanza nyuma ya kituo chetu cha kupimia majani chai, hapa juu ya Kapsoit, nikingoja watu waende kwao ndio nitoke. Wengine bado wako. Nawasikia wakinitaja.

Kwa msionijua, mimi ndiye karani wa kituo. Wakulima wanaleta majani mabichi, nayakagua, nayapima, na kompyuta iliyounganishwa na mizani inatuma uzito ofisini. Kompyuta ikilala, hakuna kupima. Bila kupima, lori halibebi. Na majani mabichi yakikaa kwa gunia yanapata joto, yanakuwa mekundu, na hapo mkulima amechuma kutwa nzima kwa ajili ya kutupa.

Asubuhi Odhiambo alinipigia. Huyu ni fundi wa kompyuta wa ofisi, yuko Kericho mjini. (Simu yangu imekufa spika ya sikio, natumia ile ya nje, kwa hivyo anayenipigia anaongea na kituo kizima.)

"Chebet, niangalilie kama Secure Boot iko on. Programu mpya ya mizani haitaki mashine yenye imezimwa hiyo kitu."

Secure Boot ni kama askari wa getini ndani ya mashine. Kabla kompyuta haijaamka, anakagua sahihi ya programu inayotaka kuiamsha, na isiyojulikana inarudishwa ilikotoka. Odhiambo akanielekeza kwenye folda inayoitwa efivars. Nikaipata faili ya SecureBoot, nikamsomea: "Sita, sufuri, sufuri, sufuri, moja."

"Hizo nne za kwanza wachana nazo, zinaeleza tu hiyo ni kitu ya aina gani. Ya mwisho ndio jibu. Moja ni on. Asante, sasa funga hiyo folda."

Funga hiyo folda. Mtu mwenye akili zake angefunga.

Mimi nikaangalia. Ilikuwa imejaa! Boot0000, Boot0001, Boot0004, kila moja na mkia mrefu wa herufi na tarakimu. Moja niliifungua nikaona jina la mfumo wa zamani ulioondolewa kabla sijaajiriwa. Nyingine sikuelewa hata neno.

Sasa, mimi nimezaliwa kwenye majani chai. Kabla gunia halijapimwa unalimwaga mezani, unachambua: majani mawili na chipukizi yanabaki, magumu na vijiti vinatupwa. Mkono uliolelewa hivyo ukiona rundo hautulii. Nikaanza kuchambua faili. Yenye jina ninalolijua, ibaki. Yenye jina gumu, nje.

Baadhi zilikataa kutoka. Kompyuta ikaandika kwamba kitendo hicho hakiruhusiwi. (Yaani mashine yenyewe ilinionya.) Nikatafuta mtandaoni amri ya kuondoa kufuli, nikaipata, nikaendelea na usafi. Folda ikabaki safi mpaka nikaipiga picha na kuituma kwa group ya wakulima: "Nimesafisha kompyuta yetu. Leo foleni itakimbia." Mzee Koros, mwenyekiti wetu, akajibu kwa mikono ya maombi. Nikajisikia mtu.

Kisha nikazima na kuwasha, ndio usafi uingie vizuri.

Skrini ikawa nyeusi. Halafu maneno machache ya Kiingereza, kwamba haioni kitu cha kuiwasha. Nikazima tena, nikawasha tena, maneno yale yale. Nikaipapasa mgongo. (Ndiyo, nilipapasa kompyuta. Hamkuwepo.)

Kufikia hapo lori lilikuwa limefika na foleni imegusa barabara. Mbele kabisa alikuwa mama yangu mzazi, na gunia lake limejaa hadi mdomoni.

"Chebet, shida ni nini?" Mzee Koros akauliza.

"Inajipanga, mzee."

"Inajibanga mbaka saa ngapi? Majani inachemka."

Nikampigia Odhiambo. Nilitaka kunong'ona, lakini simu yangu mnaijua.

"Ulifuta nini?" sauti yake ikajaa kituo.

"Takataka kidogo tu."

"Takataka ya wapi?"

"Kwa ile folda ya asubuhi."

"Chebet! Si nilikuambia ufunge hiyo folda!"

"Si mbaya," nikajitetea. "Nina flash ya mfumo, naweza kuweka upya kila kitu."

"Chebet, skia. Hizo vitu hazikai kwa diski. Zinakaa kwa bodi ya mashine, ndani kabisa. Mfumo unakuonyesha tu kama faili ndio uweze kuzisoma. Ukifuta hapo, umefuta kule kwa bodi. Hata ukiweka mfumo mpya mara kumi, mashine ishasahau pa kuanzia."

Mzee Koros akageuka, akawatafsiria wa nyuma kwa Kipsigis. Odhiambo alisema maneno machache. Tafsiri ilichukua muda, na ilikuwa na ishara za mikono. Foleni yote ikaniangalia.

Mama ndiye aliyenimaliza. Akamwambia jirani yake, bila hata kushusha sauti, "Huyu akichambua majani akiwa mdogo, mimi nilikuwa naenda nyuma yake kuokota mazuri."

Walicheka mpaka dereva wa lori akashuka kuuliza kuna nini, naye akaelezwa.

Odhiambo akanielekeza niingie kwenye menyu ya ndani ya mashine. Nikauliza kama nimzime yule askari wa getini, ndio mambo yaende haraka. "Usiguse kitu yoyote mimi sijataja jina," akasema. Tukaitafuta faili ya kuwashia kwenye diski, tukaionyesha mashine mahali ilipo kama unavyomwonyesha mgeni njia. Dereva akawasha lori. Mzee Koros akaenda kusimama mbele yake, mikono nyuma, kama mtu anayepunga upepo. Kompyuta ikaamka. Nilitaka kulia.

Tukapima mbio mbio. Mama akasogea kando, akawaambia wengine watangulie, kwa sababu kosa ni la mtoto wake. Wote wakapita. Gunia lake likawa la mwisho.

Nikaingiza mkono katikati. Moto. Nikachomoa majani, mekundu.

Nilimwangalia mama. Mzee Koros aliniangalia mimi. Sheria ya kituo ni moja kwa kila mtu, na aliyeajiriwa kuisimamia ni nani? Ni mimi.

"Mama," nikasema, "haya siwezi kupokea."

Alifunga gunia lake taratibu, akalibeba mgongoni, akanitazama bila hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha.

"Umefanya vizuri," akasema. "Karani lazima akuwe mkali. Sasa tafuta pahali karani hulala."

Kwa hivyo msicheke kwanza. Nani Kapsoit ana sofa?