Malalamiko Kuhusu Tamthilia ya Mama Mkwe Kuanza Kusema Kiswahili

Kwa Meneja,
Kampuni ya Intaneti,
Chumba cha juu, kando ya duka la rangi.

Ndugu Meneja,

Natumaini u mzima na mitambo yako inapumua vizuri. Mimi ni yule kinyozi wa kona, ambaye kichwa chako hupita mikononi mwake kila mwisho wa mwezi. Naandika kwa heshima, wala usiogope kuja kunyolewa.

Binti fundi wenu alikuja kwangu kutuhamisha kutoka televisheni ya kebo kwenda hii ya intaneti, ya kuchagua ukitakacho na kukitazama upendapo. Aliifanya kazi yake vizuri mno, na hilo ndilo linaloniharibia nyumba. Malalamiko yangu ni haya:

1. Alikuja siku aliyosema atakuja. Watu wa kebo walitulea kwa "kesho", tukazoea. Huyu alibisha hodi sebule haijafagiliwa, na mke wangu ameninunia mpaka leo, kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kushika ahadi.

2. Alijitolea kukirudisha king'amuzi cha kebo yeye mwenyewe, akapanga foleni kwa niaba yetu. Sasa nikitaka kurudi kwenye kebo kimyakimya, nitarudi na nini?

3. Alimuuliza kila mtu nyumbani anapenda kutazama nini. Ndugu Meneja, nani aliwatuma? Sisi tumeishi kwa amani kwa kutoulizana. Mama mkwe wangu, mkunga mstaafu anayeishi nasi, akataja tamthilia yake ya kigeni, ya ile familia yenye kiwanda cha sabuni. Binti akabonyeza hapa na pale, tamthilia ikatokea nzima, tangu sehemu ya kwanza, tena watu wote wanasema Kiswahili.

4. Hapo ndipo mlipokitia mchanga kitumbua changu. Kwenye kebo tamthilia ile ilikuwa kwa lugha ya kwao, na maandishi madogo ya Kiingereza chini. Mama mkwe hakuyaona wala kuyaelewa. Msomaji nilikuwa mimi. Sasa elewa kwamba mama huyu hakunitaka. Alitaka binti yake aolewe na mhasibu, na salamu zangu alizijibu akitazama ukuta. Tamthilia ndiyo iliyotukalisha kochi moja. Ndani yake kuna mkwe, bwana mmoja wa masharubu, ambaye mambo yake, ukiyasoma yalivyo, hayafai kusikiwa na mama mkwe wa mtu. Nikawa nayarekebisha. Akighushi wosia, nasema anamwandikia mama mkwe wake barua ya shukrani. Akimfungia mzee stoo, nasema anamkinga na baridi. Mama akampenda yule bwana, na mapenzi mengine yakanidondokea mimi. Nikaanza kuwekewa paja la kuku. Nikaanza kuitwa "mwanangu".

5. Kifaa chenu kinasimamisha picha. Bwana wa masharubu akishika chupa ya sumu, mama anaisimamisha picha, ananigeukia, ananitazama weee, halafu anaendelea. Juzi alisema, bila kumtaja mtu, kwamba njia ya mwongo ni fupi. Paja limehamia kwa mke wangu, mimi napewa shingo. Shingo nitaila. Kinachoniuma ni kwamba siku hizi ananiita "kinyozi", ndani ya nyumba yangu, kama mteja aliyekuja kupunguza nywele.

6. Intaneti yenu haikatiki. Nilitegemea walau mvua. Imenyesha, upepo umeng'oa bati la saluni, na bwana yule akaendelea kughushi bila kukwama hata kidogo. Kampuni ndogo kama yenu, chumba kimoja na ngazi moja, mnapata wapi kiburi hicho?

Kwa hiyo naomba moja kati ya haya: mturudishie kebo, au mtupe hitilafu ya heshima kila saa ya tamthilia, au, ikishindikana, watu wa kiwanda cha sabuni wapewe lugha isiyojulikana na yeyote mtaani.

Wasalimie wote hapo ofisini, dada wa mapokezi, mlinzi, na binti fundi mwenyewe, ambaye sina kinyongo naye ila na bidii yake.

Wako katika ujenzi wa familia,
Kinyozi wa Kona

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, mama ameniita sebuleni. Anasema hadithi yenyewe haina ladha, watu ni wabaya mwanzo hadi mwisho, wala hakuna anayemshukuru mama mkwe wake. Ya kwangu ilikuwa bora. Tena anasema alinijua zamani, kwa sababu hakuna mtu anayeandika barua ya shukrani huku akichungulia mlango. Anataka niendelee nilipoishia. Basi tafadhali yapuuze yote ya hapo juu na msiguse chochote, ila binti fundi apite kesho aturudishie sauti za lugha ya kwao, maana vilio na muziki tunavihitaji. Leo tutazima sauti tu. Siwezi kumngojesha mama; ameshaniita mara mbili, na mara zote mbili ameniita mwanangu.