Komandoo Alipoomba Maji

Jumatatu, 12 Agosti 2024
Pampu ya kijiji imekufa tangu Juni. Jumapili tunachagua mwenyekiti wa kamati ya maji, nami nimejitosa. Mpinzani ni mmoja tu, Severina, muuza muhogo mkavu hapa Mkunya. Anazungumza kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka thelathini nasikiliza wabunge redioni. Nimeandika kurasa tisa. Neno "mapinduzi" limo mara kumi na nne. Nilimsomea mke wangu, Ethel. Akauliza pampu imeharibika nini hasa. Nikamwambia hayo ni ya mafundi. Akachukua ndoo, akashuka bondeni kuteka maji.

Jumatano, 14 Agosti
Nimegundua kasoro. Hotuba yangu haina mtu maarufu. Kelvin Majaliwa, yule anayeigiza Komandoo kwenye tamthilia ya runinga, yupo Lisekese kwa shangazi yake. Nikapanda basi la alfajiri. Nimemngoja uani tangu saa mbili hadi saa saba. Hatimaye akanipa mkono. Sijaunawa mkono huu, na maji yenyewe hakuna. Nikamweleza azma yangu yote. Akasema, "Tutaona, mzee wangu." Jioni nikatangaza sokoni kwamba amekubali.

Ijumaa, 16 Agosti
Ethel ameteleza kwenye mteremko wa bondeni. Goti limevimba. Severina alikuja kumpa pole. Akaniamkia, shikamoo, nikaitikia kwa sauti ya mwenyekiti. Akasema ameshafika Newala mara tatu kuulizia fundi, na kinachotakiwa ni barua ya kijiji yenye sahihi za kamati. "Mwalimu, wewe unaandika vizuri," akasema. "Tuiandike leo, uchaguzi uje baadaye."
Nikamjibu kwamba wananchi wanahitaji dira kwanza.
Ethel akageukia ukutani.

Jumapili, 18 Agosti
Watu kama mia tatu kwenye uwanja wa shule. Leo hakuna aliyeshuka bondeni, kila mtu aliwahi nafasi ya mbele. Nilikuwa ukurasa wa sita gari lilipoingia. Amekuja kweli. Watu wakaniacha katikati ya sentensi. Nikamwomba Komandoo aseme neno kuhusu mimi. Akajifuta vumbi usoni, akaomba kwanza maji ya kunywa.
Hayakuwepo. Ombi lilizunguka uwanja mzima likarudi mikono mitupu. Kina mama wakatazama chini.
Severina akasimama, akaeleza habari ya barua. Dakika mbili tu. Kelvin akasema yeye ni mwigizaji, pampu haijui, ila huyo mama anaonekana anaijua.
Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono. Mimi nilipata kumi na moja. Ethel, mguu wake umelazwa juu ya kigoda, alimnyooshea Severina mkono huku akinitazama mimi.
Nyumbani nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Baba Stella, hotuba yako ni nzuri. Mimi nataka maji."

Alhamisi, 22 Agosti
Barua ilipelekwa Jumatatu. Fundi akaja jana. Leo saa nne maji yametoka. Ethel amekoga, akakaa mlangoni. Nikaona jinsi alivyokonda tangu Juni, na mimi sikuwa nimeona. Nikaketi karibu naye nimwombe radhi. Nikafungua mdomo, yakatoka ya jukwaani: "Mama Stella, katika kipindi hiki cha kihistoria..." Akanishika mkono, akaniambia ninyamaze tu. Nikanyamaza. Tukakaa hivyo mpaka jua likafika miguuni.
Baadaye nikatafakari kwa nini nilishindwa. Kosa ni la Kelvin. Watu wa huku wanapenda muziki kuliko tamthilia. Mwezi wa kumi chama cha ushirika cha korosho kinachagua viongozi, na nasikia kuna mwimbaji mkubwa ana mkwe wake Newala mjini. Kesho nakwenda kumtafuta huyo mkwe. Ethel nitamwambia nimefuata chumvi.