Stany Hakulala

Jumatatu, 2 Juni 2025
Mwaka wa pili tangu nitoke kwetu Musumba. Nilikuja Kolwezi kutafuta utajiri wa shaba. Mpaka sasa nimepata mgongo mbovu. Mchana nabeba magunia ya mawe kwenye machimbo ya Mutoshi. Jioni naenda kwenye ukumbi wa video wa Mama Adolphine, nalala. Si kwa makusudi. Nakaa, filamu inaanza, nalala.

Leo nimegundua kwamba watu hawaangalii skrini kwanza. Wananiangalia mimi! Filamu ya karate: nililala kabla ya ngumi ya kwanza, nusu ya ukumbi ikatoka. Filamu ya mama wa kambo: nilibaki macho mpaka mwisho, watu wakaingia hadi wengine wakasimama. Muuza karanga wa mlangoni alikuwa akiwaambia wateja wake: "Stany akilala, mi siingie. Ule mutu hana uongo, amechoka kabisa."

Mama Adolphine si mjinga. Ameandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: FILAMU YA LEO, STANY HAKULALA. Amenipa kiti cha mbele, cha plastiki, chenye mikono. Mimi ni mhakiki!

Kankolongo amekasirika. Ana diploma, na siku zote ndiye aliyekuwa akisimama baada ya filamu kutueleza "mise en scène", yaani jinsi picha zilivyopangwa. Kasema huu si uhakiki, ni uchovu. Wivu.

Jumatano, 4 Juni
Mpango. Mhakiki mkubwa habebi magunia. Nimemwomba Mama Adolphine kazi kamili: chumba cha nyuma, chakula na heshima. Amekubali, maadamu watu wanakuja. Wasipokuja, narudi Mutoshi siku hiyohiyo. Nimemuaga Numbi, tuliyekuwa tukibeba naye. Ameniuliza filamu inaliwa na mboga gani. Wahakiki hawajibu kila mtu.

Alhamisi, 5 Juni
Nimelala hadi jua likaingia dirishani. Bukari, ugali wetu, na samaki wadogo wa ndakala, sahani mbili. Nimeoga maji ya moto! Kisha filamu tatu. Sikulala hata moja. Zote nzuri! Hata ile ambayo picha iliganda kwenye mguu wa farasi na haikutoka tena. Niliutazama mguu ule kwa makini. Ubao ukazisifu filamu zote tatu kwa jina langu. Watu wakajaa. Wakatoka wakitukana.

Mama Adolphine kaniita pembeni. "Weye, mutoto ya batu, ulipenda nini mu ile takataka?" Nikasema: mwanga. Ni neno la Kankolongo, lakini Mama Adolphine hakulikubali.

Ijumaa, 6 Juni
Nimeelewa tatizo. Nimepumzika. Mtu aliyepumzika hupenda kila kitu. Basi nitafunga macho mwenyewe. Lakini nifunge kwa filamu ipi? Nikabahatisha. Nikakoroma kidogo pia, kwa ustadi. Kumbe ukumbi mzima ulikuwa unalia, bibi harusi alikuwa anakata roho! Kankolongo akainama sikioni pangu, akasema taratibu, kama kwa mzee: "Tata Stany, bukari imeiva." Nikafungua macho. Nikauliza na mboga gani. Walicheka mpaka filamu ikasahaulika, na bibi harusi akafa peke yake.

Mama Adolphine amenipa nafasi ya mwisho. Jumapili Tata Ntambwe, mfanyabiashara wa Fungurume, atabatiza kitabu chake hapa ukumbini, ndiyo kukizindua. Kitabu cha maisha yake. Anataka mhakiki wa watu akae mbele, macho wazi. Akifurahi, ataupa ukumbi skrini mpya. Asipofurahi, mimi na magunia.

Jumamosi, 7 Juni
Mpango bora kuliko yote! Kipaji changu kilitoka kwenye uchovu. Nirudishe uchovu, kipaji kitafuata. Nimebeba magunia na Numbi tangu alfajiri, bure. Numbi kadhani nimerogwa. "Ndugu yangu, ni nani alikufanyia hivi?" Sanaa, nikamwambia. Kesho nitabaki macho kwa haki, na watu wataniamini tena. Maana kitabu cha tajiri hakiwezi kuwa kibaya.

Jumapili, 8 Juni, Pentekoste
Baada ya misa. Kitabu juu ya sinia, kwenye kitambaa cheupe kama mtoto mchanga. Mama Tshiela, aliyechaguliwa kuwa mama wa ubatizo wa kitabu, akakinyunyizia bia, akakirushia unga. Vigelegele! Nikakaa karibu naye, macho kama taa za lori. Tata Ntambwe akaanza kusoma. Alizaliwa. Akanunua baiskeli. Rangi ya baiskeli. Tabia ya baiskeli. Mnyororo wa...

Nikashtuka nikiwa begani kwa Mama Tshiela, unga shavuni. Wanasema nilikoroma kuliko kipaza sauti. Ukumbi mtupu! Watu waliponiona walinyanyuka mmoja mmoja, wakaenda kutafuta chakula. Dirishani muuza karanga alikuwa akinipigia makofi. Kipaji kimerudi!

Tata Ntambwe hakupiga makofi. Amebakiwa na msikilizaji mmoja, Kankolongo, aliyekuwa akisema "chef-d'œuvre, chef-d'œuvre", eti kazi bora kabisa, bila kuvuta pumzi. Skrini mpya imeahidiwa. Kiti changu ni cha Kankolongo. Mama Adolphine kafuta jina langu ubaoni kwa kiganja, bila hasira. "Ulisema kweli, Stany. Lakini kweli hainiletee skrini."

Jumatatu, 9 Juni
Magunia. Numbi anacheka kila ninapoinama. Nimefikiri sana chini ya mzigo, na kosa langu nimelijua: kiti. Kiti chenye mikono humlaza mtu yeyote. Benchi la kanisani halina mikono. Na abbé wetu, padri wa watu maskini, anahubiri miaka yote hiyo bila mhakiki! Jumapili nitakaa mstari wa kwanza, waumini wote wanione vizuri. Parokia ikishanizoea, dayosisi itaniita. Narudi Musumba Noeli, kwa gari la askofu. Wahubiri wa kule waanze kujiandaa.