Sura ya Mwisho Iko kwa Mtani Wangu

Kwa Ndugu Mkutubi,
Maktaba ya mji, Morogoro.

Marahaba. Najua ungeniamkia kama ungekuwa karibu, kwa hiyo naitikia mapema, maana sina hakika kama nitakuwapo shikamoo yako itakapofika.

Mimi ni Anselmi Mkude wa Kilakala, mwalimu mstaafu wa historia. Moyo wangu umechoka. Daktari ameacha kunikataza chumvi, nami naelewa maana yake. Kabla sijaondoka, nalalamika rasmi kuhusu vitabu viwili mlivyoniazimisha.

1. Kitabu cha maisha ya wapiga gitaa wa bluzi, zile nyimbo za huzuni za Amerika. Sibishani na ukweli wake. Ila kila mpigaji anaamka asubuhi, anakuta mke hayupo, anaimba kwamba kesho atakufa, kisha anaishi mpaka uzee wa kubebwa. Nikajaribu dawa hiyo. Niliamka nikaimba habari za kaburi. Binti yangu Winfrida akaniletea uji. Kitabu hakisemi mtu afanye nini akishaletewa uji.

2. Kitabu cha historia ya ujasusi. Hapa naungama: kimeniharibu tabia. Kimenifundisha kujifanya nimelala. Kwa mbinu hiyo nimegundua kwamba wapwa wangu, ambao kwa mila yetu Waluguru ndio warithi, wamekwisha kugawana redio, koti na migomba ya kule mlimani. Waligombea hata kandambili. Vitabu hakuna aliyevitaja.

3. Hili ndilo kubwa. Katika kitabu hicho, siri za ofisi moja ya Ulaya zinavuja, na wanashukiwa watatu: mkuu wa ofisi, dereva wake na mama wa chai. Mimi namshuku mama wa chai, kwa kuwa shuleni kwetu ndiye aliyekuwa akijua uhamisho wa walimu kabla ya mkuu wa shule. Nilipofika sura ya mwisho, akaingia Stambuli, Mzigua wa Turiani, mtani wangu. Unajua Mzigua akichukua kitu cha Mluguru hakuna wa kushtakiwa. Alikichukua juu ya kifua changu. Nilikuwa nimejifanya nimelala, kwa hiyo sikuweza kupinga.

4. Amekisoma chote. Kila jioni anakaa kitandani pangu na kusema, “Mluguru, leo umeharibika kabisa. Nikwambie msaliti ni nani?” Nikimwomba aniambie, anajibu, “Tulia. Nitakusomea kaburini, polepole, mbele ya watu.” Na ni haki yake. Msibani mtani husema atakalo, na hakuna marehemu aliyewahi kukata rufaa.

5. Kwa hiyo Kilakala nzima itamjua msaliti, hata wale watakaofuata pilau, isipokuwa mimi niliyesoma kitabu karibu chote. Padri ananiambia huko mbele yote yatafunuliwa. Nilipomuuliza kama na mama wa chai yumo, alinipaka mafuta ya wagonjwa.

6. Nimepima ushahidi kwa utaratibu wa kihistoria, nami nasadiki kwamba Stambuli ni jasusi aliyetumwa na Turiani. Naomba maktaba imdai kitabu mara moja. Ikishindikana, pelekeni barua parokiani kwamba nisizikwe mpaka kitabu kirudi.

Wasalimie wafanyakazi wote, na wasomaji wa magazeti wanaosinzia pale dirishani, kama kweli wanasinzia.

Wako katika kusoma, ingawa si kwa muda mrefu,
Mwl. Anselmi Mkude

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, Stambuli amekuja. Leo hakunitania. Alinitazama, machozi yakamlenga, akasema, “Mwalimu, ngoja nikusomee.” Tangu tujuane hajawahi kuniita Mwalimu. Sijatishika hivyo maishani. Nimemtimua pamoja na kitabu, na nimemsikia akinitukana mpaka barabarani, ndipo moyo ukatulia. Tafadhali usimdai. Mwongezee mwaka mzima, na akithubutu kukirudisha mapema, mtoze faini.