Kinyozi Ananizidi kwa Machozi

Jumatatu, 3 Machi
Nimethubutu! Nimeandika kwenye kundi la mtandaoni la wenye msongo wa mawazo. Ukweli mtupu: tangu nilipokosea kukata gauni la bibi harusi, nikishika mkasi moyo hunienda mbio na mikono hutetemeka. Mimi, fundi cherehani! Nikapewa pole, nikafarijika. Mara kinyozi wa mlango wa pili naye kaandika: kila asubuhi hulia kabla ya kufungua duka. Basi! Alama za moyo zikammiminikia. Kulia tu? Mimi nimelia mara ngapi bila kutangaza?

Jumanne, 4 Machi
Muuguzi anayeongoza kundi katukumbusha kwamba hapa hatushindani kwa machungu. Ananisema mimi? Nimekirekebisha kisa changu kidogo. Sasa nazirai. Nikigusa kitambaa tu, chini puu! Mioyo tele. Kinyozi kimya. Safi sana.

Jumatano, 5 Machi
Kumbe wateja nao wana simu! Mama mmoja kaja kuchukua hariri yake. Hataki mtu azirai juu yake. Wenzake wakafuata. Rafu zangu zimebaki tupu! Mke wangu kauliza nilizirai lini na mbona hakuambiwa. Nikasema hiyo ni lugha ya kisanii. Akasema basi na chakula cha jioni ni cha kisanii. Nimelala njaa.

Alhamisi, 6 Machi
Kinyozi hajafungua duka. Dada yake kaniambia alisoma kisa changu, akaona kilio chake ni upuuzi mbele ya mtu anayezirai. Kafuta alichoandika, kajifungia ndani, hataki kuongea na mtu. Niliona aibu, tena sana. Nikaenda kugonga, nikaungama mlangoni kwamba sijawahi kuzirai maishani. Akafungua, macho mekundu, akauliza kama mikono kutetemeka nako ni uongo. Nikasema hapana, nikamwonyesha. Tukakaa sakafuni tukalia wote wawili. Kifua kilikuwa chepesi nilipoondoka.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeomba radhi kundini, kwa maneno mazito. Muuguzi kanipongeza. Kinyozi kajibu kwa neno moja, kwamba amenisamehe. Mioyo yote kwake! Yeye! Kwani aliyekosa na kuungama si mimi? Bila mimi angemsamehe nani? Dhuluma hii! Lakini nimeshakata shauri: sijilinganishi tena na mtu yeyote. Kesho naandika jinsi nilivyoacha. Tuone kama kinyozi ataweza kuacha kujilinganisha kuliko mimi.