Nimekula Duara Mbele ya Mkufunzi

Jamani wenzangu wa chuo, leo mwenzenu amekula somo. Simaanishi nimelielewa. Nimelitafuna nikalimeza! Ningewapigia simu, ila kibanda cha simu cha hapa mtaani Umoja kimekufa, basi someni mkiwa mmeketi.

Leo mkufunzi alikuwa anakuja kunipima mara ya mwisho. Nikianguka, narudia mazoezi ya kufundisha muhula mzima. Somo lenyewe ni maumbo, Darasa la Pili. Shule haina hata chaki ya rangi, kwa hiyo jana dada yangu alinitengenezea vifaa jikoni kwake. Pembetatu, mandazi. Mraba, kipande cha mkate. Duara, chapati kubwa, safi kabisa (aliikata kwa kifuniko cha sufuria). Wanawe waliikodolea macho hadi nikaona haya.

"Hiyo ni ya kazi," dada akawaambia. "Atakayeigusa atanijua!"

Asubuhi mafuta ya stovu yakawa yameisha. Nikatoka bila chai. (Mimi, mtoto wa Bungoma! Bila chai!)

Mkufunzi akaketi nyuma ya darasa na kalamu yake. Nikainua chapati.

"Hili ni umbo gani?"

"Duaraaa!"

"Tunajuaje ni duara?"

Nikarudia swali. Macho yote yalikuwa kwenye chapati, na sidhani kuna aliyekuwa akiwaza hesabu. Mkufunzi akaandika kitu.

Mara mpishi wa shule akaingia na chai ya mgeni, na kwa heshima akanipa na mimi kikombe. Sasa, mnanijua. Kwetu chai haiteremki peke yake. Mkono huu kikombe, mkono huu chapati, kichwani natafuta namna ya kuliuliza swali upya. Nikapiga funda. Nikauma. Nikatafuna. Kisha, mdomo umejaa, nikasema, "Haya, tunajuaje hili ni duara?"

"Mwalimu amekula duara!"

Darasa likalipuka. Mkufunzi akavua miwani. Nilitamani kuingia chini ya meza, ila meza yenyewe ina miguu mitatu.

Ndipo Mwende, ambaye tangu nifike hajawahi kufungua mdomo, akasimama.

"Mwalimu, hiyo si duara tena."

"Kwa nini, Mwende?"

"Duara haina kona. Hapo umeuma kumetokea kona mbili." Akaja mbele akazigusa kwa kidole, hii na hii.

"Na mwalimu akiuma pande zote?" mkufunzi akauliza kutoka nyuma.

"Itakuwa na kona mob, kona nyingi!" darasa zima likajibu.

Nimepita! Jamani, nimepita! Asante Mungu, asante dada, na Mwende nitamshukuru hadi nizeeke. Nilimpa chapati iliyobaki. Akaimega, akawagawia wenzake wa dawati lake, naye akabaki na kipande kidogo kuliko vyote. Nikageukia ubao kufuta machozi.

Mkufunzi alinishika mkono mlangoni. "Mwalimu Nekesa, nimewaona wengi wakitumia vifaa vya kufundishia," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kuvimaliza."

Tafadhali msicheke. Kesho nafundisha mraba, na stovu bado haina mafuta.