Ombi la Kufuliwa kwa Wavuvi wa Bwawani, Hasa Mume Wangu

Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Wavuvi wa Ndoano.

YAH: WANACHAMA WAKO KUGOMA KUFUA

Pokea salamu za heshima. Kama hunijui kwa sura, unanijua kwa pasi: mimi ndiye dobi wa njia panda ya kwenda bwawani, na suruali zako nne za kijivu huletwa kwangu na mkeo kila Ijumaa. Mimi pia ni mke wa mwanachama wako mnayemwita Mzee wa Koti. Nakuandikia kwa mkono wa kushoto, na sababu utaiona hapa chini.

1. Mwanachama mnayemwita Mifuko Kumi na Tisa. Kizibao chake kweli kina mifuko kumi na tisa, maana mimi hupekua kila mfuko kabla ya kuloweka. Wavuvi wa aina yake huamini kwamba samaki hushindwa kwa wingi wa vifaa. Nilikuta mikasi miwili, filimbi, kipimajoto, na ramani ya bwawa ambalo ukisimama ng'ambo hii unamsikia wa ng'ambo ya pili akipiga chafya. Mfuko wa kumi na nne ulikuwa na ndoano, ikanizamia kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kikulacho ki nguoni mwako, sawa, lakini hiki kilikuwa nguoni mwa mwenzangu. Samaki sikukuta hata gamba.

2. Bwana Unyoya. Huyu huvaa suruali ya mpira inayomfika kifuani, na huja nayo hadi dukani kwangu, akaniachia ziwa dogo mlangoni. Kofia yake imechomekwa vyambo vya manyoya vingi kiasi kwamba jogoo wa jirani humsindikiza. Wanaotumia minyoo anawaona washenzi. Aliniambia kwamba kumpa samaki mnyoo ni kumhonga.

3. Bingwa wa Beji. Shati lake la mashindano halipigiki pasi kwa sababu ya beji kumi na moja. Anatembea kifua mbele, na watu wanampisha njia. Mimi nimezisoma. Saba zimeandikwa "Asante kwa Kushiriki".

4. Yule wa tai, ambaye jina lake nalihifadhi. Huyu huvua samaki akiwa na suti, kwa kuwa nyumbani anajulikana yuko kikaoni. Mkewe huniletea mashati yenye magamba kwenye mikono na kuniuliza ni vikao gani hivyo. Bwana Mwenyekiti, nimechoka kumtunzia mtu siri inayonuka.

5. Sasa nafika nyumbani kwangu. Chama chako kina mila kwamba mtu akiwa anamsubiri samaki fulani, vazi la siku waliyokutana halifuliwi mpaka ampate. Miaka mitatu iliyopita mume wangu alimfikisha kambare mmoja ukingoni kabisa, mshipi ukakatika, samaki akaondoka na ndoano mdomoni. Tangu siku hiyo koti lake halijagusa maji. Mvua ikinyesha hulivua, akalifunika kwa mwavuli, yeye akalowa. Na mimi ni dobi! Wateja wakimkuta ameketi mlangoni pangu hugeuza na vikapu vyao.

Haya yote ningeyameza. Lakini Jumamosi binti yetu, mtoto wetu wa pekee, anaolewa, na baba yake ndiye atakayemshika mkono kumwingiza ukumbini. Nilimwomba taratibu anipe koti. Alinijibu kwa upole, "Mama Harusi, koti hili likifuliwa, basi na yule samaki amekwenda." Nilirudi kwenye beseni langu nikalia. Magauni ya maharusi wa mji huu wote yamepita mikononi mwangu, na siku moja tu nilitaka usafi uonekane kwangu pia. Binti anasema nimwache baba. Nimeshindwa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, mila hiyo ifutwe. Pili, wanachama wote walete mavazi yao kwangu Ijumaa, wakiwa wamevaa mengine. Tatu, hayo yakishindikana, chama kinunue kambare sokoni na kumpachika kwenye ndoano ya mume wangu chini ya maji kabla ya Jumamosi. Bwana Unyoya azame, kwa kuwa suruali anayo. Mifuko Kumi na Tisa apige filimbi ya kuanza. Yule wa tai atatunza siri, maana amezoea.

Nisalimie mkeo, katibu, wajumbe wote, na huyo kambare ukibahatika kumwona.

Ni mimi, mwenye imani na wewe na sabuni,
Dobi wa Njia Panda.

Nyongeza: Nilikosa bahasha, hivyo leo Alhamisi nikaileta barua bwawani mwenyewe. Hukuwapo. Mume wangu alinipa fimbo yake ya kuvulia nimshikie kidogo akatafute minyoo. Nikaishika kwa mkono wa kushoto, na aproni yangu ya kazi kiunoni, na kambare akavuta. Nilimtoa. Mdomoni alikuwa na ndoano ya zamani yenye kutu, na mume wangu aliitambua kwa fundo alilolifunga mwenyewe. Alikaa chini akalia, kisha akavua koti akanipa nikalifue. Nimelifua. Kumbe ni la buluu.

Hata hivyo, naomba uyafute maombi yangu yote matatu. Wakati namtoa huyo, nyuma yake nilimwona mwingine, mkubwa zaidi, akanitazama na kuzama. Wanachama wako wote wamenishika mkono na kuniambia la kufanya, na nimewaelewa. Aproni haifuliwi. Jumamosi nitaingia nayo ukumbini, na binti amekubali, mradi nisisogelee keki.

Mume wangu anasema ninanuka. Barua yake utaipata kesho.